Mzee Anapoburura Miguu, Tusikimbilie Kusema Ni Uzee



Huanza polepole. Mzee aliyekuwa akienda msikitini kwa miguu yake huwa sasa anaburura, hatua zimefupika, kugeuka ni taabu, na kizingiti kimekuwa mlima. Watu wa nyumbani husema ni uzee, na wengine husema amepatwa na upepo. Kauli hizi mbili zina athari moja: mgonjwa huachwa bila kuchunguzwa, hali baadhi ya maradhi haya yana tiba.

Linalojulikana zaidi ni maradhi ya Parkinson, yaliyopewa jina la James Parkinson, tabibu Muingereza aliyeyaeleza mwaka 1817. Chembe za ubongo zinazotengeneza dopamini hufa kidogo kidogo, mwili ukawa mzito na mkakamavu. Mara nyingi huanza upande mmoja, na mkono hutetemeka ukiwa umetulia. Dawa yake kuu ni levodopa. Haiondoi maradhi, lakini humfungua mgonjwa. Sharti inywewe kwa saa zake, wala isikatwe ghafla. Kwa baadhi ya wagonjwa, mlo mzito wa nyama au maharagwe huipunguzia nguvu. Kwa hivyo, kabla ya Ramadhani, aonwe daktari. Na mgonjwa anayedhurika kwa kufunga amepewa ruhusa na sheria.

Lakini si kila aendaye hivyo ana Parkinson. Zipo dawa zinazoleta hali kama hiyo, mfano metoklopramidi ya kuzuia kutapika na haloperidoli ya maradhi ya akili. Kusanya dawa zote anazotumia mzee, umpelekee daktari. Usimkatizie wewe mwenyewe. Ikiwa sababu ni dawa, aghalabu hali hutengenea ikishabadilishwa, japo huchukua wiki au miezi. Viharusi vidogo vidogo navyo huharibu mwendo. Kinga yake ni kudhibiti presha na sukari.

La tatu ndilo lisilojulikana sana, nalo ni kujaa kwa maji ndani ya ubongo wa mtu mzima. Daktari Salomón Hakim wa Kolombia na wenzake waliyachapisha maelezo yake mwaka 1965. Dalili zake ni tatu: miguu hutanuka na kushikamana na sakafu kama iliyotiwa gundi, mkojo hushindwa kuzuilika, na akili huwa nzito na yenye kusahau. Levodopa haimfai sana mgonjwa huyu. Daktari humpiga picha ya ubongo, kisha huweza kumtoa maji kiasi kwa sindano mgongoni na kutazama kama mwendo umekuwa mwepesi. Akifaa, hupasuliwa na kuwekewa mpira mwembamba chini ya ngozi, unaoyashusha maji hadi tumboni. Upasuaji huu una hatari zake: maambukizi, kuvuja damu, na mpira kuziba. Hata hivyo wengi waliochaguliwa vyema hupata nafuu, hasa ya mwendo. Kuchelewa hupunguza faida.

Kina mama, ninyi ndio muonao mambo haya mwanzo, maana ndio mnaofua shuka na kumsaidia mzee kutawadha. Mkojo usifichwe kwa haya. Kwa daktari, hiyo ni dalili kubwa. Andikeni ni lini mwendo ulibadilika, ameanguka mara ngapi, na anasahau nini.

Nyumbani, ondoeni mikeka inayoteleza, wekeni taa ya usiku na kishikio chooni, na upindo wa kanzu au deira usiguse chini. Mazoezi ya viungo ni sehemu ya tiba. Miguu ikigandama, asivutwe mkono. Asimame, ahesabu moja, mbili, kisha apige hatua. Na anayeogopa kuanguka katika sala aswali kwa kukaa kitini, wala asione kuwa amepungukiwa.

Kumtumikia mzazi ni ibada, na kumtafutia tabibu ni katika utumishi huo.

Wabillahi tawfiq.