Nyumba Zinapofika Shambani

Tazama kijiji chako. Kama kipo karibu na mji, au barabara ya lami imepita hapo, bila shaka umekwisha kuyaona haya: mwaka huu nyumba moja ya bati kando ya njia, mwaka ujao nyumba nne, kisha wakuta rundo la matofali palipokuwa na migomba ya jirani. Kujenga si kosa. Vijana wanaoa, nao wataka mahali pa kulala. Huko Kilimanjaro vihamba vimegawanywa kwa wana, na kwa wana wa wana, hata vingine havitoshi tena kulisha jamaa moja.

Lakini ni nani wa kusema nyumba zijengwe wapi, na shamba libaki wapi? Wengi hujibu, "Hilo ni shauri la mwenyekiti." Sivyo. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya Tanzania ya mwaka 1999, Halmashauri ya Kijiji ndiyo inayosimamia ardhi, lakini haina ruhusa ya kumgawia mtu kipande kabla Mkutano Mkuu wa Kijiji haujakubali. Na Mkutano Mkuu ni nani? Ni wewe, na mkeo, na kijana wako aliyetimiza miaka 18. Hata ule mpango wa matumizi ya ardhi, uonyeshao hapa makazi, hapa kilimo, hapa malisho, Halmashauri huutengeneza, lakini Mkutano ndio unaoupitisha.

Basi sisi twafanyaje? Mbiu inapigwa, baba yupo kilabuni, mama yupo kisimani, kijana amekwenda mjini. Watu wachache wanakaa chini ya mwembe, wanaitikia "ndiyo", na kabla jua halijatua malisho yamekuwa viwanja. (Mimi niandikaye haya nimewahi kukosa mkutano wa namna hiyo kwa ajili ya karamu ya arusi, wala sina wa kumlaumu.)

Ukienda, utasikia maneno yanayopingana, na kila mmoja ana haki yake. Kijana atasema, "Baba, nijenge wapi? Juu ya mti?" Mzee atamjibu, "Na ng'ombe wangu wale bati?" Halafu atasimama mama mmoja na kuuliza maji yatatoka wapi nyumba zikiteremka mpaka mtoni. Huyo msikilizeni sana, maana achotaye maji ndiye ajuaye yanakoanza kukauka. Tena sheria ipo upande wake: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa.

Labda utasema wanawake hawana neno katika mambo ya ardhi, ndiyo mila yetu. Sheria hiyo ya 1999 imekwisha kulijibu: mila inayomnyima mwanamke haki ya kupata ardhi ni batili. Hata Baraza la Ardhi la Kijiji, linalosuluhisha magomvi ya mipaka, lina watu 7, na 3 kati yao ni wanawake.

Na wewe mwenye shamba unayeshawishika na fedha za mgeni kutoka mjini, ngoja kwanza. Asiye mkazi wa kijiji hanunui shamba lako kwa kupeana mikono tu. Lazima idhini ya Halmashauri ya Kijiji. Uza yote leo, na mwanao atapanga chumba katika nyumba iliyojengwa juu ya shamba la babu yake.

Mkutano Mkuu hufanyika kila miezi mitatu. Ukifika, omba kuiona ramani yenyewe, usikubali kusimuliwa tu. Uliza njia ya ng'ombe inapita wapi, na makaburi yamebaki upande gani. Kisha omba muhtasari usomwe kwa sauti kabla watu hawajatawanyika.