Pazia halisomi cheti, lakini utafikaje mbele yake?

Mamangu bado huniuliza nitarudi chuo lini. Niliacha mwaka wa pili, karo imenishinda, na tangu siku hiyo kila nikiona mtu amefaulu naangalia kwanza alisomea wapi. Tabia mbaya, najua. Ndiyo iliyonifikisha kwa wapiga vayolini.

Kwa okestra kubwa za Marekani, usaili hufanyika nyuma ya pazia. Boston Symphony walianza mambo hayo 1952, wengine wakafuata baadaye. Mpigaji hupewa nambari, sio jina. Haruhusiwi kusema neno. Hata zulia hutandikwa ili mlio wa viatu vya mchuchumio usimsaliti kuwa ni mwanamke. Anapiga Mozart kidogo, labda ukurasa wa kwanza wa Don Juan ya Richard Strauss, kisha anaondoka. Majaji hawajui kama ametoka Juilliard au ametoka kwao nyumbani.

Hapo nilishangilia, bana. Halafu nikaendelea kusoma.

Kumbe kufika mbele ya hilo pazia ni shughuli. Okestra nyingi huitisha wasifu kabla ya kukualika, na hapo jina la chuo linaonekana waziwazi. Nauli na malazi mara nyingi ni juu yako. Halafu kuna Curtis, kule Philadelphia: chuo kidogo, wanafunzi kama 160 hivi, na tangu 1928 hawalipi karo. (Ndio, chuo kigumu hivyo kuingia ndicho cha bure. Cheka tu.) Baadhi ya walimu wake ni wapigaji wa Philadelphia Orchestra yenyewe, na wahitimu wake wamejaa humo. Hakuna aliyechungulia nyuma ya pazia. Ila ukifunzwa miaka kadhaa na mtu anayeketi karibu na kiti unachokitaka, utajua masikio ya majaji yanapenda nini.

Sasa mcheki Edicson Ruiz wa Caracas. Utotoni alifanya kazi supamaketi kumsaidia mamake. Kontrabasi, lile dude kubwa la nyuzi nne, alianza akiwa na miaka 11. Akiwa na 17 tu akaingia Berlin Philharmonic. Digrii angeitoa wapi? Lakini usiniambie alijifunza peke yake. Alilelewa na El Sistema, mpango ulioanzishwa na José Antonio Abreu mwaka wa 1975, uliompa ala, mwalimu na wenzake wa kupiga nao.

Hivyo vitu vitatu ndivyo vijana wa Ghetto Classics hupata Korogocho, kando ya dampo la Dandora. Jina la chuo naona linakuja nyuma.

Nilimweleza mamangu haya yote nikidhani nimeshinda kesi. Akanyamaza kidogo, akauliza: "Na huyo wa supamaketi, alikuwa akiamka saa ngapi kufanya mazoezi?"

Siku hiyo nilikuwa nimeamka saa nne.