Mtori Ambao Haukuandikwa

Daftari la mapishi lililoandikwa kwa mkono huaminiwa kuwa ndilo ghala la chakula cha asili cha familia. Kwa Moshi na vijiji vya Mlima Kilimanjaro, imani hiyo inahitaji kupimwa upya. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, kahawa ikaingiza fedha majumbani, na kufikia 1933, kilipoanzishwa KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, unga wa ngano, sukari na majani ya chai havikuwa tena vitu vya wazungu peke yao. Shule na misheni zikafundisha mapishi mapya, na yaliyofundishwa ndiyo yaliyoandikwa: keki, biskuti, jamu, mikate ya hamira, kila kitu na kipimo chake. Mtori, kiburu na kitawa, vyakula vya ndizi vya Wachagga, havikuwa na sababu ya kuingia daftarini, kwa kuwa kila binti alivijua. Ndiyo maana daftari la aina hiyo hutueleza zaidi familia ilikuwa inajifunza nini kuliko ilikuwa inakula nini. Hoja yangu ni kwamba yale yaliyoachwa bila kuandikwa ndiyo yanayopaswa kuandikwa sasa, tena kwa mkono.

Maarifa ya mtori hayakukaa kichwani mwa bibi peke yake. Yalikaa pia kwenye kihamba, shamba la migomba linalozunguka nyumba. Aliyetaka kupika alikata mkungu nyuma ya nyumba, akijua mgomba huu ni mshare na ule ni wa ndizi za pombe ya mbege, na akijua kwa kuutazama kama ndizi zimekomaa. Mafiga na kuni vilimpangia moto. Mifupa ya ng'ombe ilichemka taratibu hadi supu ikakolea, ndizi zikamenywa kwa mikono iliyopakwa mafuta kukwepa utomvu, zikatumbukizwa, zikaiva, zikapondwa kwa mwiko. Sasa ihamishe kazi hiyo Njoro, kata ya mjini yenye wapangaji wengi, ambako nyumba haina kihamba. Ndizi zinatoka soko la Mbuyuni au Kiboriloni, zimekwisha kukatwa kwenye mkungu, na jiko ni la mkaa au mtungi wa gesi. Mpishi aliyekulia hapo anaweza kuwa hodari kweli, lakini vile vilivyokuwa vinamwongoza mama yake bila maneno havipo tena. Aliyeambiwa tu "chukua ndizi" atanunua ndizi Bukoba, apate chakula kizuri ambacho si mtori aliokuwa anautaka.

Kiburu kinaonyesha jambo hilo vizuri zaidi. Ni ndizi na maharage, na magadi ndiyo yanayokipa tabia yake. Magadi hulegeza kuta za chembechembe za maharage, yakaiva upesi na kuwa laini, jambo la thamani sana pale kuni ni haba. Magadi yakizidi, chakula huwa na ladha ya sabuni, na vitamini B1 huharibika. Kwa hiyo "magadi kidogo" si kipimo. Donge la magadi ya mawe la ukubwa wa punje ya mahindi na kijiko cha magadi ya unga havilingani. Nishati nayo inabadilika: mkakati wa taifa uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Naunga mkono lengo hilo kwa moyo wote, kwa sababu moshi wa kuni umeumiza mapafu ya wanawake wengi mno. Ila moto wa gesi hupiga kitako cha sufuria, na chakula kizito kama mtori hushika upesi. Mapishi yanapaswa kulisema hilo.

Wapo watakaosema upishi hufundishwa kwa mkono, si kwa kalamu. Ni kweli, lakini mkono unahitaji ukaribu, na familia nyingi hukutana mlimani Desemba tu, siku ambazo jikoni kuna mbuzi wa sherehe, si kiburu cha Jumanne. Wengine watasema video za simu zinatosha. Video huonyesha mwiko unavyozunguka. Mara nyingi haisemi ndizi ni aina gani wala imekomaa kiasi gani. Pingamizi zito zaidi ni kwamba hakuna chakula cha asili cha kuhifadhi: maharage ya kiburu yenyewe, kama mahindi, asili yake ni bara la Amerika. Nalikubali, na ndilo linalonifanya nipendelee daftari la mkono. Mwandishi aweke tarehe, aina ya ndizi, soko, aina ya jiko na jina la aliyempa mapishi. Atakayekuja baadaye akipika kwa gesi au kuongeza nyanya, aandike pembeni kwa wino wake na asifute ya kwanza. Kazi ianze na mlaso, chakula cha damu, na kitawa, kabla ya mtori, ambao angalau bado unauzwa migahawani.