Maumivu ya Kiwiko: Tujue Dalili Zake



Sisi tunaokata miwa Busoga, tunaochuma chai Toro na tunaokaza nati viwandani, riziki yetu imo mikononi. Kiwiko kikianza kuuma, wengi wetu husema ni uchovu tu. Tunafunga kitambaa na kuendelea. Baadaye panga linatuponyoka, kipande hakiishi, na mnyapara anatuita wavivu. Basi tusiulize tu, "Kinauma?" Tuulize pia, "Kinauma pamoja na nini?"

Kwanza, maumivu ya upande wa nje, yanayozidi ukishika panga au ukikamua nguo, na mkono kukosa nguvu. Hapo kano zinazoshikilia misuli ya mkono zimeumia kwa kurudia kazi ile ile ya nguvu. Kano za upande wa ndani nazo huumia vivyo hivyo.

Pili, ganzi katika kidole kidogo na kidole cha pete. Mshipa wa fahamu upitao nyuma ya kiwiko unabanwa. Usiegemee kiwiko, wala usilale umekikunja. Ukiona misuli ya kiganja inakonda, usikawie kumwona daktari.

Tatu, uvimbe kwenye ncha ya kiwiko. Ukiwa na joto, au ukipata homa, huenda kuna usaha. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Tusiutoboe kwa sindano wala wembe.

Nne, umeanguka na mkono haukunjuki: huenda mfupa umevunjika. Na maumivu ya mkono yakija pamoja na kubanwa kifua, jasho na kukosa pumzi, huenda ni moyo. Usingoje hata kidogo.

Maumivu ya kano hupoa kwa wengi, lakini huchukua miezi, na sharti kazi nzito ipunguzwe. Kwa hiyo toa taarifa mapema kwa msimamizi na kwa mjumbe wa tawi. Ukifika zahanati, eleza kazi unayofanya, na karatasi ya daktari uitunze.

Tusione haya kudai. Orodha ya magonjwa ya kazini ya Shirika la Kazi Duniani, ya mwaka 2010, inautaja ugonjwa huu wa kano za kiwiko. Uganda nayo ina Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000, inayohusu pia magonjwa yatokanayo na kazi. Lakini dai lisilo na maandishi ni vigumu kulitetea. Mkono ni wako, usiunyamazie.