Dawa wanaitafuta, vipimo wanavikwepa

Kwenye stendi nyingi za mabasi nchini Tanzania hakosekani muuza mitishamba mwenye kipaza sauti. Mezani amepanga mizizi, magome, unga kwenye vikopo na chupa za maji zilizojazwa dawa ya rangi ya kahawia. Mwanaume husogea kama anayepita tu, huuliza dawa ya nguvu za kiume kwa sauti ya chini, hulipa, kisha huondoka na chupa iliyoviringishwa kwenye gazeti.

Basi si kweli kwamba wanaume hawajali afya zao. Wanajali, na hela wanatoa. Wanachokwepa ni vipimo.

Hapo ndipo hatari ilipo. Kupungua kwa nguvu za kiume mara nyingi ni dalili ya ugonjwa mwingine. Kisukari huharibu mishipa ya damu na ya fahamu, na presha nayo huidhoofisha mishipa hiyo. Kwa kuwa mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, hitilafu yaweza kuonekana chumbani miaka kadhaa kabla moyo haujaanza kusumbua. Muuza mitishamba hana kipimo cha sukari, wala haulizi kama mteja anaumwa moyo. Wanaokimbilia vidonge vya sildenafil bila cheti cha daktari nao wamo hatarini: vikikutana na baadhi ya dawa za maumivu ya kifua, presha hushuka ghafla, na mtu anaweza kufa.

Kwenye virusi vya Ukimwi, wengi hupimwa kwa niaba. Mke mjamzito akirudi kliniki na majibu mazuri, mume hujihesabu salama, ilhali wapo wenza ambao mmoja ana maambukizi na mwingine hana. Utafiti wa kitaifa wa 2016-2017 ulionyesha kuwa kati ya watu wazima wanaoishi na VVU, asilimia 55.9 ya wanawake walisema wanajua hali zao. Kwa wanaume ilikuwa asilimia 45.3. Kampeni ya kupima VVU ya Furaha Yangu, iliyozinduliwa Dodoma na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa Juni 2018, iliwalenga zaidi wanaume. Mwaka uliofuata sheria ikarekebishwa, mtu akaruhusiwa kujipima mwenyewe.

Lawama zote zisiwaangukie wanaume, hata hivyo. Mwanamke huzoea kituo cha afya kupitia ujauzito na chanjo za watoto. Mwanaume hana kadi inayomwita. Na kwa dereva wa bodaboda, asubuhi nzima kwenye foleni ni hesabu ya bosi isiyotimia.

Kikwazo kingine ni aibu. Novemba 2014, Rais Jakaya Kikwete alifanyiwa upasuaji wa tezi dume katika hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, na Ikulu ikautangazia umma. Kama mkuu wa nchi hakuficha, fundi na mwalimu waone aibu ya nini? Uchunguzi wa tezi hiyo huweza kuanza kwa kutolewa damu tu.

Halmashauri zipeleke vipimo vya presha na sukari vijiweni na sokoni, jioni, watu wakishafunga kazi. Nawe uliyevuka miaka 40, pima mwezi huu, hata kama huumwi popote.