Hasimu Akipanda Jukwaani (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulieleza jinsi miaka ya chama kimoja ilivyotuzoesha kumwona mpinzani kuwa msaliti. Leo tuingie Bunda, maana siasa za huko zinamuumbua kila anayedhani uhuru wa kusema ni mali ya chama chake.

Mwaka 1995 Stephen Wassira aligombea ubunge wa Bunda kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi, akamshinda Jaji Joseph Warioba wa CCM, waziri mkuu wa zamani. Warioba akaenda mahakamani na matokeo yakatenguliwa. Baadaye Wassira alirudi CCM, akawa mbunge na waziri, hadi 2015 alipoangushwa Bunda Mjini na Ester Bulaya wa CHADEMA, ambaye naye alitokea CCM. Januari 2025 Wassira akachaguliwa makamu mwenyekiti wa CCM Bara.

Shabiki aliyemzomea Wassira mwaka 1995 alikuja kumpigia makofi, na aliyempigia makofi akaja kumzomea. Mtu ni yuleyule. Kilichobadilika ni rangi ya shati.

Yaliyompata Warioba yananiuma zaidi. Hakuwahi kuhama chama. Aliongoza Tume ya Mabadiliko ya Katiba, na rasimu yake ikapendekeza Muungano wa serikali tatu wakati CCM ikishikilia mbili. Novemba 2014, kwenye mdahalo wa Taasisi ya Mwalimu Nyerere pale Ubungo, Dar es Salaam, vijana waliinua mabango ya kumpinga, fujo zikazuka na mdahalo ukavunjika. Mzee wa watu hakuachwa amalize kusema.

Butiama, nyumbani kwa Mwalimu Nyerere, nako kuna somo, tena lenye pande mbili. Serikali ya Mwalimu ndiyo iliyoleta sheria ya kuweka watu kizuizini mwaka 1962, na wapinzani waliionja. Lakini Tume ya Nyalali ilipokuta takriban asilimia 80 ya wananchi wanataka chama kimoja, Mwalimu alisimama upande wa wachache, na mwaka 1992 vyama vingi vikaruhusiwa. Naliona hilo kuwa tendo lake kubwa la uzeeni.

Mikutano ya hadhara ilipozuiwa kuanzia 2016 hadi Januari 2023, wapo wana-CCM wa Musoma walioona hasara ni ya CHADEMA peke yao. Sikubaliani nao: mwana-CCM pia alinyimwa nafasi ya kumsikia anayemkosoa mbunge wake.

Juma lijalo: ibara ya 18 ya Katiba, na mamlaka ya polisi juu ya mikutano.