Maganda ya kakao Mambasa: kinachopatikana hutegemea kiyeyushi

MAMBASA, Ituri – Mkulima wa kakao wilayani Mambasa hupasua tunda, huchukua mbegu za kuchachusha na kukausha, kisha ganda hubaki shambani. Ganda hilo ni takriban robo tatu ya uzito wa tunda zima. Likiachwa lioze chini ya miti, linaweza kuhifadhi vimelea vya Phytophthora vinavyoozesha matunda mengine.

Hata hivyo, ndani yake mna polifenoli, kundi la antioksidanti, yaani kemikali zinazochelewesha mafuta na vyakula kuharibiwa na hewa. Viwanda vya vyakula na vipodozi huzihitaji. Kazi ni kuzitoa.

Kazi hiyo huanza kwa kuchagua kiyeyushi, yaani kimiminika cha kuloweka maganda yaliyokaushwa na kusagwa. Kanuni yake inajulikana jikoni: chumvi huyeyuka kwenye maji, si kwenye mafuta.

Maji matupu hutoa sehemu ya polifenoli, lakini huvuta pia sukari na utelezi wa ganda, na mchanganyiko huchacha upesi. Ethanoli tupu nayo huacha nyingi nyuma. Ndiyo sababu maabara nyingi huchanganya viwili hivyo, mara nyingi ethanoli ikiwa kati ya asilimia 50 na 80. Maji huvimbisha ganda, ethanoli huyeyusha kilichoshinda maji. Heksani hutoa zaidi mafuta.

Methanoli iliyochanganywa na maji hufanya kazi vizuri, ila ni sumu inayoweza kupofusha na kuua. Lotoko pia si mbadala: nguvu yake haijulikani na inaweza kuwa na methanoli. Kwa bidhaa ya kuliwa, maji na ethanoli ya kiwango cha chakula ndiyo chaguo salama.

Matokeo hupimwa mara nyingi kwa DPPH, kemikali ya zambarau inayogeuka njano ikikutana na antioksidanti. Kipimo hicho hulinganisha nguvu ya dondoo. Hakithibitishi kwamba linatibu ugonjwa.

Kwa hiyo, chama cha wakulima kikifuatwa na mnunuzi wa maganda, kina maswali matatu ya kuuliza: kiyeyushi gani kitatumika, kitaondolewaje kwenye bidhaa, na mabaki ya dawa za shambani yatapimwa na nani? Dawa hizo nazo huweza kuingia kwenye dondoo.

Mnunuzi asipopatikana, ganda bado lina thamani: likiozeshwa vizuri kuwa mboji, hurudisha potasiamu ardhini.